Nenosiri sahihi linalokataliwa: uchambuzi wa kisa cha Thunderbird na akaunti ya Gmail

Ofisi inayozungumziwa hapa ni ya wakala wa forodha, iliyopo Kurasini, Dar es Salaam, jirani na bandari. Kazi yake karibu yote hupitia kwenye barua pepe: notisi za kuwasili kwa meli, nakala za hati za shehena, ankara, na maswali ya wateja walioko Lubumbashi, Bujumbura na Kigali. Karani wa nyaraka hutumia Thunderbird, programu ya kusomea na kutumia barua pepe, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows, na programu hiyo imeunganishwa na akaunti moja ya Gmail ambayo ofisi nzima inaitegemea. Asubuhi moja programu ilikataa kupokea barua. Kilijitokeza kisanduku kinachosema kwamba kuingia kwenye seva imap.gmail.com kumeshindikana, kikiwa na vitufe vitatu: kujaribu tena, kuandika nenosiri jipya, au kuacha. Karani aliandika nenosiri la akaunti, kisanduku kikafungwa, kisha kikarudi. Aliliandika upya polepole, herufi moja baada ya nyingine, na matokeo yakawa yale yale, ilhali nenosiri hilo hilo lilifungua akaunti bila shida kwenye kivinjari cha kompyuta hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Kisanduku hicho kimoja hujitokeza kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote: nenosiri limekosewa, nenosiri ni sahihi lakini seva inataka la aina nyingine, au njia yenyewe ya kuthibitisha mtumiaji imefungwa. Anayekisoma juu juu huamini sababu ya kwanza pekee, na kila hatua anayochukua baada ya hapo humpeleka mbali zaidi na tatizo.

Ofisi ilikuwa imeshapiga hatua kadhaa za namna hiyo nilipoitwa kama fundi. Nenosiri la akaunti lilikuwa limebadilishwa kwa mara nyingine, kwa kudhani kwamba lile la awali liliandikwa vibaya. Kompyuta ilikuwa imezimwa na kuwashwa. Jamaa mmoja alikuwa ameshauri kwa simu kwamba Thunderbird ifutwe pamoja na folda zake zote, kisha iwekwe upya. Kwa bahati njema ushauri huo ulikuwa bado haujatekelezwa, na inafaa kueleza kwa nini ulikuwa wa hatari.

Kuifuta Thunderbird kwenye Windows kwa njia ya kawaida hakugusi wasifu wa mtumiaji, yaani ile folda iliyo ndani ya AppData ambamo mipangilio ya akaunti, manenosiri yaliyohifadhiwa na barua zilizopakuliwa hukaa. Mtu akiiondoa programu na kuirudisha, hukuta mipangilio ile ile ikimsubiri, na hitilafu ile ile pia. Akiamua kufuta na wasifu wenyewe, barua zilizobaki kwenye seva zitarudi iwapo akaunti ni ya IMAP, yaani njia ya upokeaji inayoacha barua kwenye seva, lakini chochote kilichohamishiwa kwenye folda za ndani za kompyuta kitakuwa kimepotea. Karani huyu alikuwa ameondoa barua za miaka ya nyuma kutoka kwenye seva na kuziweka katika folda za ndani, kwa kuwa akaunti ya bure ya Gmail ina nafasi ya GB 15 tu, nayo hugawanywa na picha na mafaili ya Drive. Mawasiliano ya mizigo iliyokwishatolewa bandarini, ambayo mamlaka ya kodi huweza kuyahitaji wakati wa ukaguzi, yalikuwa kwenye diski hiyo moja tu. Kwa wale wanaotumia POP, njia inayopakua barua na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu huenda kikasha chote kipo kwenye kompyuta na hakuna nakala kwingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuifunga Thunderbird na kunakili folda nzima ya wasifu kwenye diski ya nje. Mahali ilipo folda hiyo huonyeshwa na programu yenyewe, katika ukurasa wa taarifa za utatuzi ulio chini ya menyu ya msaada. Nakala hiyo inapaswa kutunzwa kama siri, maana ndani yake mna mafaili mawili, logins.json na key4.db, ambayo kwa pamoja hubeba manenosiri yote yaliyohifadhiwa. Kama programu haikuwekewa nenosiri kuu, mwenye mafaili hayo mawili huweza kuyasoma yote.

Baada ya hapo yalifuata maswali yasiyohitaji kubadilisha kitu chochote. Je, akaunti inafunguka kwenye kivinjari, kwenye kompyuta hiyo hiyo na mtandao huo huo? Ilifunguka, hivyo akaunti haikufungiwa na intaneti ilikuwa salama. Je, tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi? Swali hili huonekana dogo, lakini katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara na kompyuta ni za zamani, betri ndogo ya ubao mkuu ikiisha nguvu saa hurudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vya seva huonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika, na muunganisho hukataliwa kabla hata ya nenosiri kutumwa. Hapa saa ilikuwa sawa. Je, seva na mlango, yaani namba ya njia ambayo programu huingilia kwenye seva, ni zile zinazotakiwa? Upokeaji ulikuwa imap.gmail.com kwenye mlango 993 wenye usimbaji wa TLS, na utumaji ulikuwa smtp.gmail.com kwenye mlango 587 kwa STARTTLS, yaani usimbaji unaoanza baada ya muunganisho kufunguliwa. Vyote vilikuwa sahihi, na wala havikuwa vimeguswa kwa muda mrefu.

Ndipo nikamwomba karani arudie kila alichokuwa akifanya huku mimi nikitazama pembe ya chini ya skrini badala ya kile kisanduku cha katikati. “Fundi, nenosiri ni hili hili, bosi mwenyewe ndiye aliyeniandikia,” alisema, na alikuwa anasema kweli. Programu ilipojaribu kuingia kwa siri iliyokuwa imehifadhiwa tangu zamani, tangazo dogo lilipita likisema kwamba vitambulisho si halali. Karani alipoandika nenosiri jipya la akaunti, tangazo lilibadilika: safari hii seva ilisema kwamba linahitajika nenosiri mahususi la programu. Kisanduku kikubwa kilitoa maneno yale yale katika hali zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye majibu ya seva yenyewe, ambayo hutoweka baada ya sekunde chache na ambayo hakuna aliyekuwa ameyasoma. Anayechelewa kuyaona anaweza kufungua dashibodi ya hitilafu kwa kubonyeza Ctrl, Shift na J kwa pamoja, na mara nyingi atapata humo kilichompita.

Majibu hayo mawili, yakiwekwa bega kwa bega, yanaeleza karibu kila kitu. La kwanza linasema: siri uliyoihifadhi haitambuliki tena. La pili linasema: hii uliyoandika sasa naitambua, lakini siikubali kwa njia hii. Kwa upande wa utumaji, Gmail hutofautisha hali hizo kwa namba: 535 pamoja na 5.7.8 humaanisha kwamba jina au nenosiri halikubaliki, na 534 pamoja na 5.7.9 humaanisha kwamba linatakiwa nenosiri la programu. Fundi anayepigiwa simu na mteja aliye mbali angefanya vyema kuuliza namba hizo kabla ya kuuliza chochote kingine.

Iliyobaki ilikuwa kujua siri ya zamani ilikuwa ipi na iliuawa na nini. Google iliacha kuruhusu akaunti za watu binafsi kuingia kwa jina na nenosiri peke yake kutoka kwenye programu za nje tarehe 30 Mei 2022. Wakati huo, fundi aliyekuwa akiihudumia ofisi hii aliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri likifuatwa na idhini ya simu, akatengeneza nenosiri la programu, yaani zile herufi 16 ambazo Google huzionyesha mara moja tu, akaziingiza kwenye Thunderbird na kuziacha zihifadhiwe. Kazi iliendelea. Herufi hizo hakuna aliyeziandika popote, kwa sababu hazikuhitajika tena, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba zipo. Karani aliamini kwa moyo wote kwamba programu yake inatumia nenosiri la akaunti, kumbe ilikuwa inaingia kwa ufunguo wa mlango wa uani ambao hata mwenye nyumba alikuwa ameusahau.

Kisha mfanyakazi mmoja akaacha kazi, na mwenye ofisi, kwa busara kabisa, akabadilisha nenosiri la akaunti kupitia simu yake. Google hubatilisha manenosiri yote ya programu pale nenosiri la akaunti linapobadilishwa. Simu ya mwenye ofisi, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kufanya mabadiliko, iliendelea kupokea barua kama kawaida, na kwa hiyo yeye hakuona sababu ya kuunganisha kitendo chake cha jioni na hitilafu iliyojitokeza kwa karani asubuhi. Alipobadilisha nenosiri kwa mara ya pili ili kusaidia, hakuharibu kitu kipya, lakini pia hakukaribia dawa hata kidogo, kwa maana seva ilikuwa haitaki nenosiri la akaunti kabisa, liwe la zamani au jipya.

Ushahidi uliothibitisha maelezo haya ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Kwenye korido kuna mashine ya kunakili na kuskani ambayo hutuma nyaraka zilizoskaniwa moja kwa moja kwenye barua pepe. Nayo ilikuwa imeacha kutuma tangu asubuhi ile ile, na watu walikuwa wameamua kwamba waya wake wa mtandao umelegea. Mashine hiyo hutuma kupitia akaunti ile ile ya Gmail, kwa nenosiri lake la programu. Vifaa viwili visivyohusiana, vinavyotumia akaunti moja, vinapokufa kwa wakati mmoja, chanzo kitafutwe kwenye akaunti. Thunderbird haikuwa na kosa lolote, na waya haukuwa umelegea.

Sasa kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutengeneza nenosiri jipya la programu na kulibandika pale lilipokuwa la zamani, jambo linalochukua dakika chache na ambalo lingerudisha kazi mara moja. Sikuichagua kwa kompyuta ya karani. Nenosiri la programu huipita hatua ya pili ya uthibitishaji; yeyote atakayelipata ataingia kwenye barua zote bila simu ya mwenye ofisi kulia hata mara moja, na katika biashara ambayo wateja hutumiwa namba za akaunti za benki kwa barua pepe, jambo hilo si dogo. Njia ya pili ni OAuth2, utaratibu ambao programu haishiki nenosiri kabisa: mtumiaji huingia kwenye ukurasa wa Google wenyewe, hupita hatua zote mbili, hukubali, na programu hupewa tokeni, yaani kibali cha kidijitali cha kuingilia. Thunderbird imeweza kufanya hivyo kwa Gmail tangu toleo la 38 la mwaka 2015, kwa hiyo fundi aliyetangulia angeweza kuitumia mwaka 2022. Sitaki kumlaumu, kwani alikuwa akiokoa siku ya kazi kwa njia iliyo halali.

Utekelezaji ulianza kwenye mipangilio ya seva ya upokeaji, kwenye sehemu iliyoandikwa “Authentication method”, ambapo “Normal password” ilibadilishwa kuwa OAuth2. Kabla ya kujaribu, nilifungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa na kufuta mstari wa imap.gmail.com, ili programu isibaki na siri iliyokufa. Dirisha la kuingia la Google likafunguka, karani akaandika anwani ya ofisi, na papo hapo ukatokea ujumbe kwamba vidakuzi, yaani vile vipande vya taarifa ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari, vimezimwa. Huu ni mtego unaowakwamisha wengi. Dirisha hilo linafanana na kivinjari, na kwa kweli ni kivinjari kidogo kilicho ndani ya Thunderbird, ambacho hakishiriki chochote na Chrome wala Firefox. Mtu anaweza kwenda kuwasha vidakuzi kwenye Chrome hadi achoke bila kupata mabadiliko yoyote. Vinapaswa kuwashwa ndani ya mipangilio ya Thunderbird yenyewe, kwenye ukurasa wa faragha na usalama. Mtu fulani alikuwa amevizima hapo zamani, pengine kwa nia njema ya kuongeza usalama. Vilipowashwa, ukurasa ulikubali nenosiri, simu ya mwenye ofisi ikaomba idhini, ukurasa wa ruhusa ukaonekana, na barua za siku nzima zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Miongoni mwazo zilikuwamo notisi za meli iliyokuwa imeshatia nanga, na hizo zilikuwa na uzito wake, kwani mzigo ukikaa bandarini kupita siku za bure huanza kutozwa gharama za kuhifadhi.

Watu wengi wangefunga jalada hapa. Karani alifungua ujumbe wa kwanza, akaandika jibu, akabonyeza kutuma, na programu ikakataa kwa 535 5.7.8. Katika Thunderbird, seva ya utumaji haimo ndani ya ukurasa wa akaunti; ina orodha yake peke yake, chini kabisa ya mipangilio ya akaunti, ikiwa na njia yake ya uthibitishaji na siri yake iliyohifadhiwa. Kubadilisha upokeaji hakuibadilishi. Pale pia kulikuwa na njia ya nenosiri la kawaida na herufi 16 zilizobatilishwa. Nilifuta mstari wa smtp.gmail.com kwenye orodha ya manenosiri, nikachagua OAuth2, nikahakikisha kwamba jina la mtumiaji ni anwani kamili ya barua pepe, na jibu likatoka. Nimeona mara nyingi ofisi zinazopokea barua vizuri huku majibu yao yakikaa kimya kwenye folda ya kutoa kwa muda mrefu, na wateja wakidhani wamepuuzwa, kwa sababu tu aliyetengeneza alijaribu upande mmoja. Jaribio la kweli ni kutuma ujumbe kwenda nje na kupokea jibu lake.

Mashine ya kuskani haikuweza kufuata njia hiyo, kwani haina uwezo wa OAuth2. Ilitengenezewa nenosiri lake la programu, likapewa jina linaloitambulisha katika ukurasa wa usalama wa akaunti, ili siku mashine itakapouzwa au kubadilishwa, lifutwe hilo peke yake. Hapo ndipo manenosiri ya programu yana nafasi ya haki: kwenye vifaa visivyo na njia nyingine.

Msomaji mwenye hitilafu kama hii asinakili hatua hizi bila kuangalia ni nani anayetoa huduma yake ya barua. Kwa akaunti za Microsoft za kazi, uingiaji wa jina na nenosiri kwa IMAP na POP ulianza kufungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook.com ulifungwa tarehe 16 Septemba 2024. Huko nenosiri la programu halitasaidia na OAuth2 ndiyo njia, ingawa katika taasisi huenda msimamizi akatakiwa kwanza kuiidhinisha Thunderbird. Kinyume chake, barua za anwani ya kampuni yenyewe zilizo kwenye seva ya kukodi, kama zile zinazosimamiwa kwa cPanel, paneli ya kusimamia seva za kukodi, kwa kawaida hutaka nenosiri la kawaida pamoja na anwani kamili kama jina la mtumiaji, na kuchagua OAuth2 huko ni kujitafutia hitilafu mpya. Seva za namna hiyo nyingi pia huifungia kwa muda anwani ya mtandao inayokosea mara kwa mara. Thunderbird, isipobadilishwa, hukagua barua kila baada ya dakika 10, hivyo kompyuta moja iliyosahaulika kwenye chumba cha nyuma ikiwa na nenosiri la zamani huweza kuifungia ofisi nzima, na hata nenosiri sahihi likakataliwa hadi kompyuta hiyo izimwe na muda wa kifungo uishe.

Kompyuta ya pili ya ofisi, ile ya mhasibu, ilikuwa na mipangilio ya namna ile ile na ilishughulikiwa vivyo hivyo bila jambo jipya. Mwenye ofisi aliuliza swali la msingi: je, akibadilisha nenosiri tena, yatarudi haya haya? Jibu ni kwamba tokeni zinazohusu Gmail nazo hubatilishwa nenosiri linapobadilishwa, hivyo Thunderbird kwenye kompyuta zote mbili itafungua upya dirisha la kuingia, na safari hiyo nenosiri jipya la akaunti ndilo litakalokubaliwa, likifuatwa na idhini ya simu. Mashine ya kuskani itanyamaza bila kusema neno, hadi mtu aitengenezee herufi 16 nyingine. Maelezo hayo yameandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la nyaraka, pamoja na agizo kwamba atakayebadilisha nenosiri la akaunti amjulishe karani kabla ya kufanya hivyo, na asilibadilishe siku ambayo meli inatarajiwa.